Anayeuliza Jua Likizama

Gesi ilimwishia maji ya chai yakiwa ndiyo kwanza yanaanza kuimba. Konokono alisonya, akaushika mtungi mtupu na kuvuka barabara ya ile pwani ya magharibi kwenda dukani kabla hawajafunga. Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja kugusa maji.

Konokono halikuwa jina alilopewa na wazazi. Miaka ishirini na miwili aliendesha basi la shule, asubuhi na jioni, watoto arobaini wakimpigia kelele kisogoni. Kisha msimamizi wa magari akamzushia wizi wa dizeli na kumfukuza kazi mbele ya watoto wale wale. Basi nalo lilikuwa limechoka, likapelekwa mnadani. Akalinunua yeye. Aling'oa viti vyote isipokuwa cha dereva, akaingiza kitanda, jiko, tangi la maji na feni ndogo ya betri. Msimamizi alipoliona alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwone konokono na nyumba yake mgongoni!" Jina likamganda. Yeye mwenyewe akaja kulipenda. Msimamizi ndiye ambaye hakumpenda hata siku moja.

Sasa alikuwa na mwaka wa tatu akizunguka pwani peke yake, akikaa kwenye nyumba za watu waliosafiri. Wenye nyumba humwachia funguo. Yeye humwagilia bustani, hulisha mbwa, huwasha taa za nje ili nyumba isionekane haina mtu. Naye hupata kuoga maji ya moto, kufua kwa mashine, na geti la kufunga. Nyumba kumi na moja alikuwa ameshazikalia, na hakuna aliyewahi kurudi akakuta hata kikombe kimepungua.

Pale dukani, akisubiri mtungi, mwanamke mmoja mwembamba alimsogelea. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kukesha na mgonjwa.

"Dada, lile basi la bluu ni lako? Unalala humo?"

"Humo humo. Napika humo, naoga humo, nagombana na nafsi yangu humo humo."

Mwanamke hakucheka. "Na kitanda unahama nacho?"

"Sasa nikiache wapi?"

Hapo ndipo mwanamke alipotabasamu. Akaeleza kwamba mumewe ni daktari wa meno, kwamba mpwa wao anaoa mbali, na kwamba wanatafuta mtu mwaminifu wa kuwakalia nyumba wiki moja. Konokono akakubali hata kabla mtungi haujaletwa.

Kesho yake adhuhuri aliingiza basi uani kwao. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, nyeupe, imeipa bahari uso. Sebuleni kila kitu kilikuwa mahali pake, ila ukutani palikuwa na mabaka manne ya mraba, meupe kuliko rangi iliyozunguka, mahali picha zilipokuwa zimening'inia muda mrefu kisha zikaondolewa.

"Mashuka yetu yote yako kwa dobi," mke wa daktari alisema huku akivaa viatu. "Utatandika yako. Na mto wako pia. Lala chumba cha kona, dada, godoro lake ndilo zuri."

Daktari wa meno, mzee mrefu mwenye mikono safi mno, alisimama mlangoni na begi. "Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo, "labda tumwambie tu..."

"Gari linatusubiri."

Daktari alimpa Konokono mkono, lakini alikuwa anaangalia vigae. Wakaondoka. Mbwa wao mzee alibaki amelala chini ya basi. Konokono alimwita aingie ndani, akambembeleza hata kwa kipande cha nyama. Mbwa alikitazama kile kipande, akautazama mlango wa nyumba, akarudisha kichwa chini.

Jioni, uchovu wa barabara ukampata. Alitandika mashuka yake chumba cha kona, akajinyoosha. Dirisha lilikuwa wazi. Jua lilikuwa linazama, na ukuta wote umegeuka rangi ya machungwa. Akaanza kusinzia.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mwani uliooza. Saruji mbichi. Kitu kama nguo iliyosahaulika majini wiki nzima.

Kisha godoro likabonyea.

Upande wa pili. Polepole, kama anavyoketi mtu mzito asiyetaka kumwamsha mwenziwe.

Yeye alikuwa katikati ya usingizi, hajui kama yuko huku au kule. Sauti ikamjia sikioni, ya chini, yenye maji ndani yake.

"Nani?"

Hata kesho yake ungemuuliza kwa nini alijibu, asingekwambia. Mtu akiulizwa usingizini hujibu. Na kwa kuwa tangu mchana alikuwa anamfikiria msimamizi wa magari, kama alivyomfikiria karibu kila siku ya Mungu, alimtaja. Jina lake kamili, na la baba yake.

Godoro likainuka.

Asubuhi simu ilimkuta bustanini na mpira wa maji mkononi. Alikuwa fundi wa gereji, rafiki yake wa tangu enzi za basi la shule.

"Umesikia, dada? Msimamizi amekufa. Jana jioni. Kakutwa kitandani kwake, mdomo wazi."

"Presha?"

Fundi alishusha sauti. "Wanasema mapafu yalikuwa yamejaa maji. Ya chumvi. Sasa niambie, dada, kutoka kwake mpaka bahari ilipo si safari ya saa nane?"

Konokono alikata simu. Mpira uliendelea kumwaga maji juu ya miguu yake. Alikuwa ameogopa, ndiyo. Lakini chini ya ile hofu palikuwa na kitu kingine, kidogo, kitamu. Alikijua ni nini, akajifanya hakioni.

Jioni ile hakutaka mchezo. Saa kumi na moja alibeba mashuka yake na mto, akafunga nyumba na kuingia ndani ya basi lake. Akabana mlango. Akaweka sufuria jikoni, akawasha redio. Nyumba ni yao, alijisemea, na lililomo ni lao.

Jua likagusa maji.

Chini ya basi mbwa akatoa mlio mmoja mwembamba, akatoka mbio mpaka getini.

Kisha basi likaegemea.

Dereva wa miaka ishirini na miwili anajua uzito wa abiria hata kabla hajamwona. Springi za kushoto zilishuka, zikalia, kama watoto kumi wamepanda kwa mkupuo mlangoni. Mlango haukufunguka. Sakafu ikaita hatua moja. Ya pili. Ya tatu. Ile harufu ikajaa ndani mpaka redio ikawa kama inaimbia chini ya maji. Kitanda kikabonyea.

"Nani mwingine?"

Alifumba mdomo. Aliubana kwa mikono miwili.

Kifuani kukawa na baridi. Ikapanda. Akakohoa, na kilichotoka kilikuwa maji, ya uvuguvugu, yenye chumvi na chembe za mchanga. Akakohoa tena. Hewa ilikuwepo tele mle ndani, dirisha wazi, upepo unapuliza pazia, na yeye anazama. Alipiga magoti. Macho yakaanza kuona giza.

"Nani... mwingine?"

Akatafuta mtu. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna namna nzuri ya kuisema. Kichwa chake kilipita watu wake mmoja mmoja, kama anayechagua nyanya sokoni, kikimbonyeza huyu na kumwacha, mpaka kikasimama kwa bibi kizee mmoja mwenye miaka tisini, aliyelala kitandani mwaka wa pili, asiyeweza hata kujigeuza. Aliyemlea tangu mama yake alipokufa. Aliyemwogesha, akamsomesha kwa vitumbua. Hata hivyo anakaribia, alijiambia. Hata hivyo ni kumpumzisha.

"Shangazi," alisema.

Maji yakashuka kifuani kama bafu lililozibuliwa.

Aliyepiga simu alfajiri alikuwa binti wa Konokono. Hawakuwa wamesemezana tangu mama auze nyumba yao na kulihamia basi. Binti ndiye aliyekuwa anamuuguza shangazi, pamoja na wanawe wawili wadogo na kazi ya ofisini.

"Mama, bibi ametutoka."

"Pole, mwanangu. Amepumzika."

"Hakupumzika." Sauti ya binti ilikuwa imekauka kwa kulia. "Nilikuwa namlisha uji. Ghafla akakamata mkono wangu, yeye ambaye hakuweza kushika hata kijiko. Maji yakaanza kumtoka puani. Mama, alikuwa ananiangalia. Akasema, mwambie mama yako nimesikia."

Konokono aliihamishia simu sikio la pili.

"Amesikia nini, Mama?"

"Wazee wanaongea mengi," alisema, na akashangaa sauti yake ilivyotoka shwari.

Kisha akampigia mke wa daktari. Simu ilipokelewa mara moja. Nyuma yake palisikika vijiko na sahani na mtu anacheka.

"Dada! Nilikuwa nahesabu saa utapiga. Asante sana. Mume wangu amelala usiku kucha, mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa. Anakoroma! Nilikuwa nimesahau kama huwa anakoroma."

"Ni nini kile?"

"Hatujui. Tulilikuta na nyumba. Nyumba yenyewe hailishughulishi, linapenda kitanda. Ukilala kwa mashuka yako mwenyewe, likakuuliza ukajibu, basi ni lako. Tulihama mara mbili, likatufuata. Tulichoma mashuka. Tukalala chini. Haisaidii. Siku za mwanzo huuliza kila jioni, likishazoea hupitisha hata miezi."

"Kwa hiyo mkanitafuta mimi."

"Tulitafuta mtu ambaye kitanda chake kinaondoka. Likibaki mtaani kwetu si tungeishi kwa wasiwasi?" Aliongea kama anayeeleza namna ya kutunza maua. "Nikupe ushauri, dada, maana wewe ni mtu mzuri. Anza na maadui. Lakini wanaisha upesi. Hutaamini mtu ana maadui wachache namna gani."

Konokono alikuwa amesimama sebuleni, mbele ya yale mabaka manne ya ukutani.

"Hizi picha mlizotoa," alisema. "Zilikuwa za nani?"

Vijiko vilinyamaza.

"Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne," mke wa daktari alisema. Akakata simu.

Hakungoja hata kufunga mabomba. Alimwachia mbwa sufuria ya chakula, akawasha basi na kuikamata barabara ya pwani kuelekea kaskazini, mguu kwenye mafuta. Aliendesha mchana kutwa. Saa kumi na moja na nusu, kilima kimoja kabla ya mji mdogo, basi likakohoa, likatoa moshi mweupe, likazimika. Aliliacha liteleze kwa mteremko mpaka kwenye uwanja wa kituo cha mafuta kilichofungwa zamani, akavuta hendibreki, akampigia fundi.

"Ni gasketi hiyo, dada. Usiliwashe tena. Uko wapi hasa? Nitakuja kesho kutwa na vifaa."

Akamwelekeza. Kisha akaketi kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, akiangalia jua kwenye kioo cha pembeni.

Springi za kushoto zikalia.

"Nani mwingine?"

Safari hii alikuwa amejiandaa. "Mke wa daktari wa meno," alisema kwa meno yaliyobanana. "Yule na mumewe. Wachukue wote wawili."

Nyuma yake, kitandani, kitu kikacheka. Kilikuwa kicheko cha maji yanayopita kwenye bomba lililoziba.

"Hao si wako. Umewachukia siku moja tu. Taja wako."

Maji yakaanza kupanda. Magoti, tumbo, kifua, ingawa suruali yake ilikuwa kavu kabisa. Hakushindana sana siku ile. Tuseme ukweli: mara ya tatu ulimi huwa umeshazoea.

"Yule mwanaume."

"Yupi?"

"Aliyeniacha."

Kikaondoka. Konokono akabaki anahema, kidevu kinadondosha maji ya chumvi, na ule utamu mdogo wa jana ukatafuta pa kukaa moyoni mwake, ukakosa. Yule mwanaume ndiye aliyekuwa baba wa binti yake.

Asubuhi binti hakulia kwenye simu. Aliongea kama mtu anayesoma tangazo. "Baba naye. Vile vile. Tumemzika bibi jana, leo ndugu za Baba wanachimba tena. Nakuja huko, Mama."

"Usije! Sikiliza, mwanangu, nakukataza. Usikanyage huku!"

"Hata misibani huji, na mimi unanikataza? Fundi ameshaniambia ulipo. Nimeshapanda gari."

Akapiga tena na tena. Simu ya binti ilikuwa imezimwa.

Alifika saa tisa alasiri, begi dogo begani, kitambaa cheusi kichwani. Amekonda. Konokono alikuwa amepanga maneno makali ya kumfukuza, lakini alipomwona anavuka ule uwanja kwa mwendo wake wa utotoni, unyayo wa kulia ukigeukia ndani, maneno yote yalimtoka. Wakakumbatiana chini ya lile paa la kituo lenye kutu, wakalia mpaka wakacheka kwa aibu.

"Unanuka bahari, Mama."

"Nimekaa nayo sana."

Hakumweleza. Angeanzia wapi? Nimemtaja bibi yako. Nimemtaja baba yako. Badala yake alimshika mabega na kumwonyesha nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara. "Nenda ukachukue chumba pale, ulale. Basini usiingie, limeharibika, lina moshi. Mimi nachota maji, nitakufuata tule pamoja."

"Sawa, Mama."

Konokono alikuwa ameshaamua. Alikuwa ameamua tangu alipouona ule mgeuko wa unyayo kwenye changarawe. Jioni hii litauliza, naye atafumba mdomo. Lipandishe maji mpaka nywele, hatamtaja mtu. Litamalizia kwake. Aliposhika madumu mawili na kushuka bondeni kwenye bomba la mtaa, alihisi wepesi ambao hakuwa nao tangu alipowaambia watoto wa shule kwaheri.

Foleni ya maji ilikuwa ndefu. Wanawake walikuwa wanataniana, yeye akacheka nao. Zamu yake ilipofika jua lilikuwa limeshuka juu ya paa za nyumba. Akajaza dumu la kwanza. Akajaza la pili. Akaanza kupanda.

Alipotokea uwanjani, kitu cha kwanza alichokiona ni mashuka yake.

Yalikuwa yameanikwa kwenye kioo cha pembeni cha basi, yamefuliwa, yanadondosha maji. Mto wake umewekwa juu ya boneti upigwe na upepo.

Mlango wa basi ulikuwa wazi.

Alielewa yote kwa mara moja, kama anayepigwa kofi. Binti hakwenda nyumba ya wageni. Amemkuta mama yake ananuka bahari, kitanda chake kibichi, ananyauka peke yake. Akatoa yale mashuka akamfulia. Kisha uchovu wa misiba miwili na saa nane za barabara ukamlaza. Na kwa kuwa godoro lilikuwa tupu, alitandika shuka lake mwenyewe, alilokuja nalo begini.

Madumu yakaanguka. Akakimbia.

Jua likagusa maji.

Basi likaegemea upande wa kushoto. Polepole. Springi zikalia.

"Usijibu!" alipiga ukelele. "Mwanangu, usijibu!"

Alikuwa hatua ishirini. Kumi na tano. Kupitia dirishani alimwona binti yake amelala kifudifudi, mkono umening'inia, kama alivyokuwa akilala akiwa na miaka sita. Akaona godoro linabonyea pembeni yake. Akasikia ile sauti, na safari hii ilikuwa ya upole, karibu ya kubembeleza.

"Nani?"

Na binti, katikati ya usingizi, akiwa amehisi mtu ameketi kitandani pake jioni, alisema neno ambalo mtoto yeyote angelisema.

"Mama?"

Konokono alisimama.

Baridi haikupanda kutoka miguuni kama jana yake. Ilimjaa yote kwa mkupuo. Alifungua kinywa amwonye, maji yakatoka. Akajaribu tena. Maji. Akaanguka kwa magoti juu ya changarawe kavu, na alipoinua macho binti yake alikuwa anashuka ngazi za basi akijifikicha uso, akimwona, akianza kukimbia. Konokono alimshika gauni. Alilishika kwa nguvu zote, akitikisa kichwa, akionyesha kidole kwenye lile shuka ndani, kwenye kile kitanda, tena na tena, huku midomo yake ikitengeneza maneno yasiyotoka.

Binti alidhani mama yake anataka kulazwa. Akamwinua, akamwingiza basini, akamlaza kitandani, juu ya shuka lake. Hapo ndipo alipokata roho.

Fundi alifika kesho yake, akatengeneza basi, akawarudisha wote wawili. Binti alimweleza njiani kila anachokikumbuka. Alikuwa amelala, alisema. Alihisi mtu amekaa pembeni yake, akajua ni mama amerudi na maji. Basi. Fundi alikaza macho barabarani. Jua lilipoanza kushuka alisimamisha basi kando ya njia na kukataa kuendelea mpaka taa za nyumba zilipowaka. Hakueleza kwa nini, na binti, aliyekuwa amekwenda kuketi nyuma karibu na mwili wa mama yake, alitoka macho mekundu, anakohoa. Hakusema alichokiona. Siku ile ile ikasikika kwamba mwenzake mmoja wa ofisini, aliyegombana naye mwaka jana, amekutwa amekufa kwenye kiti chake.

Wakamzika Konokono kando ya shangazi. Wageni wakatawanyika. Jioni, binti mwenye msiba akaingia chumbani kujinyoosha, na wanawe wawili wakapanda kitandani kulala naye, mmoja kila upande, kwa kuwa walikuwa wamemkosa siku nyingi.

Mdogo, wa miaka minne, ndiye aliyemtikisa bega.

"Mama," alinong'ona. "Mama, huyu anakuuliza. Mbona humjibu?"